Wageni Watano wa Akbet

Öskemen, 6 Machi 1993

Kwa Mjomba Kabden,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe, namsalimu mkaza mjomba Bikamal, na ng'ombe pia nawasalimu kama wamesalia. Huku tu wazima. Mama anafunga Ramadhani mwaka huu, ya kwanza maishani mwake, na kila jioni anakaa mbele ya sahani ya maandazi akilitazama dirisha kama mlinzi wa benki. Magoti yanamuuma lakini hataki yatajwe. Ukimwandikia, usiyataje.

Mjomba, majira ya baridi yametudanganya. Theluji ya mjini imekwisha kabla ya wakati wake. Mteremko wa shule yetu ya michezo umebaki matope na chupa, na wasichana wangu wa kuteleza kwa skii wanafanya mazoezi kwa kukimbia ngazini. Mashindano ya mwisho ya mkoa ndiyo yanayochagua timu ya vijana ya nchi, nami nasema nchi yetu wenyewe, yenye bendera yake. Juzi kamati ilikutana, na mwenyekiti wetu, Viktor Semyonovich, akasema, "Msimu umekufa, tuuzike. Tutapeleka majina ya mwaka jana."

Katika majina ya mwaka jana hakuna msichana wangu hata mmoja. Nikasimama.

"Kwa mjomba wangu, Aksungi, theluji huja mwezi wa Aprili," nikasema.

"Amekupigia simu?"

"Simu yao imekatika. Bibi yangu ndiye aliyesema. Tarehe tano Aprili huja Wageni Watano."

Ikanibidi niwaeleze. Nikasema kwamba zamani wasafiri watano walilala kwa mtu, asubuhi wakaona jua, wakakataa kungoja, na theluji ikawafunika kabla hawajavuka kilima. Tangu hapo hurudi kila mwaka, na theluji wanayokuja nayo ni nyingi kuliko ya Januari. Viktor Semyonovich akavua miwani. "Sasa tunapanga mashindano kwa kufuata ratiba ya marehemu," akasema, na wote wakacheka, hata mimi. Lakini imeamuliwa: tarehe kumi Aprili, kwenye mteremko wa mlima wenu, Akbet.

Niandikie hali ya theluji ilivyo. Na niambie kama utatupokea. Tutakuwa watu wapatao kumi na wawili, pamoja na wasichana wa shule nyingine na mwenyekiti.

Mpwa wako,
Rysty


Aksungi, 15 Machi 1993

Mpwa wangu Rysty,

Waaleikum salaam. Sisi ni wazima. Ng'ombe wamesalia, nakushukuru kwa kuwakumbuka mara tu baada ya mke wangu. Bikamal alikuwa na kikohozi, akanywa mafuta ya nyegere kwa maziwa ya moto, kikohozi kikaondoka na hamu yangu ya kula pia. Nyaya za simu zimeibwa, nguzo bado wametuachia. Basi huja linapopata petroli, kwa hiyo sijui barua hii itakufikia lini.

Mwambie dada yangu kwamba sijauliza habari za magoti yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Umeandika "imeamuliwa". Nani aliamua? Tendo lisilo na mtenda ni mtoto asiye na baba. Nilifundisha shule kwa muda mrefu kuliko umri wako, na sikumpitisha mwanafunzi kwa sentensi ya namna hiyo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alizaliwa kabla kalenda haijabadilishwa na wakubwa wa Urusi, na mpaka anakufa hakuwasamehe kwa kumwibia siku kumi na tatu. Alipokuambia tarehe tano, alikuwa akisema siku ambayo kwenye kalenda yako ya ukutani imeandikwa kumi na nane. Kila mtoto wa ukoo wangu anajua hivyo. Lakini wazee walikwisha kusema: nyama ya kisogo si chakula, na mpwa si ukoo.

Sasa theluji. Upande wa jua majani makavu yameanza kuonekana. Akbet, kwa kuwa imelipa jua kisogo, bado ni nyeupe yote. Alfajiri ina gamba gumu linalobeba farasi. Saa tano gamba linalainika. Saa saba ukikanyaga unazama mpaka gotini, na chini kuna maji. Tarehe kumi mtakuta theluji iliyooza. Mtoto atakayeshuka juu yake atavunja mguu. Badilisheni tarehe.

Mjomba wako,
Kabden


Öskemen, 28 Machi 1993

Mjomba,

Salamu nyingi. Nauruzi imepita, Idi nayo imepita nyuma yake, na Mama amepika vya sikukuu mbili katika wiki moja, sasa anasema amechoka kama farasi wa posta. Mke wa kaka amejifungua mtoto wa kike. Wamemwita Meruert. Ana mapafu, ghorofa nzima inajua.

Sijapata barua yako. Najua wewe unajibu siku hiyohiyo, kwa hiyo nalilaumu basi lisilo na petroli. Mambo yote yako tayari. Lori limepatikana, milingoti ya njia imepakwa rangi. Wasichana hawalali vizuri. Nataka umwone mmoja wao, Ulbolsyn, binti wa yule mchungaji wa Tarlau ambaye, baada ya mabinti wanne, alimpa huyu wa tano jina la kuomba wa kiume. Ana miaka kumi na sita. Akiwa juu ya skii hapigani na mlima. Anausikiliza, kisha anaujibu. Mwaka jana hawakumchagua kwa sababu hawakumwona, na hawakumwona kwa sababu siku ile alikuwa akizalisha kondoo.

Naomba neno lako moja tu kuhusu theluji. Viktor Semyonovich akinikuta ukumbini huniuliza, "Marehemu wanasemaje?" Nami namjibu kwamba wako njiani.

Rysty


Öskemen, 3 Aprili 1993

Mjomba,

Assalaam aleikum. Tu wazima, Meruert analia, Mama hana magoti. Barua yako ya tarehe kumi na tano Machi imenifikia jana, ikiwa na harufu ya petroli.

Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa.

Nilifikiri kuinyamazia. Nilifikiri, huenda Wageni wakaja mapema mwaka huu, kwa heshima yangu. Halafu nikawaona wasichana wakitelezea maji. Leo asubuhi nimekwenda mbele ya kamati, nikasema: mimi Rysty nimekosea hesabu. Umeona? Mtenda yupo.

Katibu akasema, "Tulijua." Mwingine akauliza kama katika ukoo wetu kuna kalenda ya tatu, isije ikatushtua mwezi wa Mei. Nilikuwa nimeshika kiti, mjomba, na masikio yanawaka. Viktor Semyonovich peke yake hakucheka. Aliuliza, "Siku kumi na tatu?"

"Kumi na tatu."

"Bibi yangu pia alikataa kalenda mpya. Krismasi yetu huja Januari, na Pasaka yetu mwaka huu ni tarehe kumi na nane. Basi bibi yako na bibi yangu wako upande mmoja." Akageukia wengine. "Pasaka nitakula nyumbani. Jumatatu tunakwenda, Jumatano tunashindana. Majina yanatakiwa Almaty kabla mwezi haujaisha. Wageni wake wasipofika, tunapeleka orodha ya zamani, na habari za Akbet nisizisikie tena."

Kulikuwa na maneno mengine machache kati yangu na kamati, hayana maana.

Lakini mjomba, nimekuuliza mara ya kwanza na hukujibu: utatupokea? Naona umejibu kila kitu isipokuwa hilo.

Rysty


Aksungi, 9 Aprili 1993

Mpwa wangu,

Waaleikum salaam. Tu wazima wote, na mtoto Meruert Mungu amkuze, mapafu ni mali.

Theluji ya Akbet limekaza vizuri. Farasi zimekanyaga njia ya kushukia kutoka mwamba wa juu mpaka kwenye kijito, wakienda na kurudi kila asubuhi kabla ya jua kupanda, na usiku baridi linaganda tena. Chini ya mguu inalia kama mkate mkavu. Huo ni msingi mzuri. Theluji mpya ikija juu yake na ikapata muda wa kushikana, mtakuwa na mteremko ambao mjini hamjauona.

Mimi siendi huko sana. Natuma vijana.

Kuhusu kupokelewa: mtu haulizi kama nyumba ya mjomba wake ina mlango. Wasichana watalala shuleni, jiko lipo. Wakubwa watalala kwangu.

Kabden


Öskemen, 12 Aprili 1993

Mjomba wangu mpendwa, bwana mwalimu,

Salamu kwa wote. Barua yako imekuja kwa siku tatu tu, basi limepata petroli kwa sababu ya sikukuu ya Warusi. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu.

"Theluji limekaza." "Farasi zimekanyaga." Halafu mstari huohuo farasi wamekuwa watu tena, "wakienda". Nimemwonyesha Mama. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaishika karatasi karibu na taa. Akasema herufi "k" hii si ya kaka yake.

Vijana gani unaowatuma? Vijana wa Aksungi wako jeshini au wako huku mjini. Nawajua wote kwa majina.

Mjomba, una nini?

Rysty


Aksungi, 15 Aprili 1993

Mpwa wangu Rysty,

Waaleikum salaam. Nyumbani hakuna mgonjwa. Makosa uliyoyaona ni ya kalamu. Nimeyaona, nimeyasahihisha katika moyo, na naomba barua ile uichome.

Njia iko tayari. Upepo umegeuka, unatoka upande wa ziwa, na kunguru wameshuka bondeni. Leteni nguo za kutosha.

Kabden

(nyuma ya karatasi, kwa penseli)

Rysty mwanangu, mimi Bikamal. Nitaandika upesi maana ametoka kwenda zizini. Barua ile niliiandika mimi, yeye akisema. Macho yameungua. Kila alfajiri tangu Nauruzi alikuwa akipeleka farasi Akbet, wanne wamefungana kamba, yeye mbele kwa miguu, na jua likichomoza lilimkuta bado juu. Nikamwambia avae miwani myeusi, akasema si mpiga picha. Nikamwambia ajifunge wavu wa singa za mkia wa farasi kama wazee, akasema yeye si farasi. Siku nne alilala na majani ya chai machoni akinisomesha sarufi gizani. Sasa anaona, ila mwanga mkali unamtoa machozi, na mganga wa zahanati amekataza asitoke mchana theluji inapong'aa. Usimwambie umejua. Sisemi ili umhurumie. Nasema ili ujue nani alikanyaga njia ile.


Aksungi, 27 Aprili 1993

Mpwa wangu Rysty,

Natumaini mmefika salama. Sisi tu wazima. Nyumba imekuwa kubwa tena. Ng'ombe mwekundu amezaa, na ndama ana doa jeupe usoni; Bikamal anataka kumwita Viktor.

Barabara ilipofunguliwa, ulipokuwa ukipanda lori, uliniuliza nilimfanyaje mwenyekiti wako mpaka akakaa siku zote zile. Dereva alikuwa akipiga honi, sikupata nafasi. Wewe ulikuwa shuleni na watoto, na theluji ilikuwa imefika madirishani, hukuona. Nitakueleza kwa utaratibu.

Mlifika Jumatatu, na jioni ileile ikaanza kudondoka. Jumanne hatukuuona mlima. Jumatano, siku ya mashindano yenu, hatukuiona bawaba ya lango. Asubuhi hiyo Viktor Semyonovich alikunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa, akainuka, akasema, "Asante, Kabden Nurgaziyevich. Hapa hakuna mashindano. Tutaondoka sasa hivi kabla barabara haijafunga."

Nikamwambia, "Mgeni huingia kwa hiari yake, hutoka kwa hiari ya mwenyeji."

"Msemo mzuri. Viatu vyangu viko wapi?"

"Vinakauka."

"Vilikuwa vikavu."

"Bikamal hakuridhika navyo."

"Na suruali yangu ya sufu?"

"Imefuliwa."

Dereva akacheka sana mpaka akagusa miguu yake mwenyewe, akakuta yuko katika suruali ya ndani. Soksi zao zote zilikuwa kwenye sufuria. Mke wangu alikuwa ameamka mapema.

Viktor Semyonovich akaketi katika blanketi langu kama mfalme aliyepinduliwa. "Bwana mwalimu," akasema, "huu ni utekaji."

"Huu ni ukarimu."

"Tofauti yake ni nini?"

"Nyama."

Nikachinja kondoo. Unajua kwamba mgeni hawezi kuondoka kabla hajawekewa kichwa, na kichwa hakiwekwi kabla nyama haijaiva, na moto wa Bikamal siku hiyo ulikuwa mvivu. Ilipoiva ilikuwa jioni. Nikamkabidhi kisu. Alikata sikio vizuri, akampa dereva, kwa sababu ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote mezani. Nilistaajabu. Alisema aliwahi kuishi na wachungaji akiwa kijana. Nikamwuliza kwa nini basi, baada ya maisha yake yote katika nchi hii, hajui kutamka "Wageni Watano" kwa lugha yetu. Akasema, "Beskonak." Nikamwambia hiyo "k" ya mwisho aliyoitoa ni ya mtu mwenye mfupa mdogo kooni, ya kwetu inatoka chini, penye heshima. Tulirudia. Dereva alijifunza kabla yake.

Alhamisi aliniuliza kwa unyenyekevu kwa nini tusishuke angalau mteremko mfupi. Nilimwonyesha. Nilitandaza shuka juu ya kioo cha kabati, nikainua kioo upande mmoja. Shuka ikateleza yote kwa pamoja. Nikamwambia: theluji ya zamani ni kioo, hii mpya ni shuka, na bado hazijashonana. Wale watano wa hadithi hawakuuawa na laana. Waliuawa kwa kuona jua na kudhani jua ni ruhusa. Adhuhuri tulisikia ng'ambo ya bonde sauti kama mikokoteni mia ikimwagwa, na vikombe vikalia kabatini. Mlima wa upande ule ulikuwa umeshuka juu ya barabara, mahali pale panapopinda penye daraja, ambapo lori lingekuwa linapita kwa mwendo wa kobe.

Viktor Semyonovich hakuuliza tena habari za viatu. Baada ya muda alisema, "Beskonak," na safari hii ilitoka chini.

Ijumaa theluji ilikatika. Jioni, mwanga ukiwa umepoa, nilikwenda Akbet na mti mrefu, nikachoma toka chini mpaka katikati. Ilikuwa inashikana. Kwa sababu ya farasi, uso wa chini haukuwa laini kama kioo. Ulikuwa na meno, na mpya iliyaingia. Usiku kukawa wazi, baridi ikamaliza kazi. Ndipo nilipotuma neno shuleni kwamba Wageni wameaga.

Lakini Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta viatu vyangu navyo vinakauka. Bikamal alikuwa amekaa juu ya sanduku la nguo zangu. Sababu zake hazikuhusu. Kwa hiyo nilisikia kelele, nilisikia kengele ya mwisho wa njia, na watu walikuja kunieleza wote kwa wakati mmoja. Sikuona kitu. Niandikie. Na usiniandikie kwamba "ilishukwa". Andika nani alishuka.

Kabden


Öskemen, 5 Mei 1993

Mjomba wangu,

Assalaam aleikum. Mama anakusalimu, Meruert amegundua kidole gumba chake, haachi kukinyonya. Magoti ya Mama yamepona kwa sababu hali ya hewa imegeuka. Naruhusiwa kusema hivyo.

Nitakuandikia kama ulivyotaka.

Tulipanda kwa farasi wako gizani, mmoja mmoja, skii zimefungwa tandikoni. Kulipopambazuka Akbet ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Nilishuka mimi wa kwanza kupanga milingoti. Mjomba, nimeteleza juu ya theluji za Almaty, na mara moja za Caucasus. Sijawahi kukutana na theluji kama hii. Juu ilikuwa laini kiasi cha kifundo cha mguu, kavu, inaruka kama unga. Chini yake kulikuwa na kitu kinachoshika. Ukiegemea, hakikukimbii. Ukiachia, kinakuachia. Nilipofika kijitoni nilijikuta nacheka peke yangu.

Viktor Semyonovich alisimama penye mstari wa mwisho akiwa na saa. Suruali yake ya sufu ilikuwa imenywea baada ya kufuliwa, imeishia katikati ya muundi, na alikuwa ameziba pengo kwa soksi za mkaza mjomba zenye maua. Hakuna aliyethubutu kutazama. Wote tulitazama.

Walishuka wasichana wa shule zote, kila mmoja mara mbili. Wangu wawili wa kwanza walishuka vizuri. Zeyne, wangu wa tatu, alianguka penye mlingoti wa tano, akainuka akitukana kwa Kirusi, akamaliza. Ulbolsyn alishuka akiwa na woga. Nilimwona kutoka juu: alikuwa anahesabu milingoti, hausikilizi mlima. Alikuwa wa sita. Wanachaguliwa watatu.

Alipopanda tena nilikuwa na maneno mengi. Sikuyasema. Nilimwambia, "Unajua njia hii ilitengenezwaje?"

Akasema, "Na farasi."

"Na mbele ya farasi?"

Nikamwambia nilichokisoma nyuma ya karatasi moja. Nisamehe, na mkaza mjomba anisamehe. Niliahidi kutokukuambia wewe, sikuahidi kutomwambia yeye. Alivua glovu, akakanda theluji mkononi, akaitia mdomoni, akavaa glovu. Halafu akashuka.

Sina namna ya kuieleza, na wewe hutaki mapambo. Alishuka Ulbolsyn. Hakuupiga mlingoti hata mmoja kwa hasira. Pale mteremko unapovunjika, mahali wenzake wote walipozizuia skii, yeye aliziacha zikimbie, na nyuma yake theluji ikasimama hewani kama pazia. Viktor Semyonovich alitazama saa, akaipiga kofi, akaitazama tena. Hakuna aliyeshuka kwa kasi ile siku hiyo. Kwa hesabu ya mara zote mbili alikuwa wa tatu.

Baba yake alikuwepo, alikuja na farasi kutoka Tarlau kwa kupita mgongo wa mlima, maana barabara ilikuwa imezikwa. Mtu mmoja akamtania, "Eh, mchungaji, bado unaomba wa kiume?" Akasema, "Nilimwomba Mungu mvulana. Naona siku ile alikuwa na shughuli, hakunisikia vizuri. Namshukuru kwa shughuli zake." Kisha akageuka kufunga tandiko ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

Orodha imerudi jana kutoka Almaty. Jina lake liko pale, limeandikwa sawasawa, herufi zote. Akbet imewekwa katika kalenda ya mkoa ya mwaka ujao, na Viktor Semyonovich ameandika tarehe kwa mkono wake mwenyewe: mashindano yafanyike Wageni wakishaondoka, kwa ruhusa ya mwenyeji.

Jambo moja la mwisho. Niliandika kwamba kulikuwa na maneno mengine machache kati yangu na kamati. Niliwaambia kwamba Wageni wasipofika nitaacha kazi ya ukocha siku hiyohiyo. Hakuna aliyenilazimisha; nilisema kwa kiburi. Katibu aliandika, na tulipokuwa tukingoja theluji ile, kila asubuhi nilikuwa na ahadi hiyo rohoni. Sikukuambia kwa sababu ungeniambia nimejenga sentensi ya masharti bila kuona mwisho wake.

Rysty


Aksungi, 18 Mei 1993

Mpwa wangu Rysty,

Waaleikum salaam. Sisi ni wazima. Macho yangu yanasoma herufi ndogo. Mwambie dada yangu, na mwambie pia kwamba herufi zote za barua hii ni zangu, azikague kwenye taa apendavyo. Ndama anakua. Maziwa ya farasi yataanza mwezi ujao. Njoo uyanywe yakiwa mapya.

Barua yako haina kosa. Nimeitafuta vizuri.

Kuhusu ile sentensi ya masharti: mwanafunzi angeniletea ningemrudishia. Lakini si kila sentensi inaandikwa kwa ajili ya mwalimu. Kaka zako wa ukoo wangu, ambao wanajua kalenda zote mbili, hakuna hata mmoja aliyepata kusimama mbele ya watu kwa ajili ya mlima huu. Nimewaambia hivyo Ijumaa, baada ya swala, mbele ya wazee. Hawakupenda. Niliwarudia.

Theluji imekwisha bondeni, na juzi imekwisha Akbet. Mlima wote umekuwa kijani, kondoo wamekwisha kupanda. Imebaki ile njia tu. Kwa kuwa ilishindiliwa kwanza na farasi, kisha na watoto wenu, jua linaila polepole kuliko nyingine, na sasa imesimama peke yake katikati ya majani, nyeupe, nyembamba, toka mwambani mpaka kijitoni, ina kona zake zote. Inaonekana kutoka barabarani. Jana basi lilisimama, abiria wakashuka kutazama, na mmoja wao, mtu wa mbali, akaja kwenye lango langu kuniuliza ule mstari ni wa nini.

Nilivaa miwani yangu myeusi, nikatoka naye nje mchana kweupe, nikamwonyesha kwa kidole kona moja baada ya nyingine, nikamwambia kwamba pale alipita mpwa wangu.

Mjomba wako,
Kabden